Zamu ya Maji ya Arobaini

Habari hii nimeipata kwa Nanzia mwenyewe, mke wa Elinaja, mwaka ule vuli ilipokataa mara ya pili. Tulikuwa barazani kwangu tukipukuchua mahindi. Alinihadithia kwa siku tatu, kila siku kipande, maana kila akifika mahali fulani vidole vinasimama. Nami sikumharakisha.

Basi. Kule kwao Ikombwe, juu milimani, maji ni ya zamu tangu zamani. Bwawa ni moja, wanaliita ndiva, na mifereji inashuka kutoka pale kwenda kwa kila nyumba kwa siku yake. Hapo kale zamu ziliandikwa daftarini, na daftari lilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mstari mtupu usiachwe. Ukiuacha, asubuhi utamkuta mwizi wa maji kajiandika pale. Kwa hiyo katibu akimaliza kazi, kila penye nafasi anapajaza. Nanzia alikuwa katibu wa maji miaka tisa. Mkono wake ulizoea kujaza hata akili ikiwa mbali.

Kisha ukaja Ubao.

Serikali ilipofunga vitabu vya karatasi, ofisi ya maji ililetewa Ubao mmoja, laini kama kioo, mpana kama mlango, ukabandikwa ukutani. Haukutaka msomi. Unachora kwa kidole tu. Chora kisanduku, kiambie wewe ni Watu. Chora kingine, wewe ni Mashamba. Vuta uzi kutoka hiki mpaka kile, Ubao unaelewa kwamba watu wana mashamba. Chora Zamu, vuta uzi mpaka malango ya chuma kule ndivani, na tangu siku hiyo malango yanafunguka yenyewe, na kila mtu akifungua simu yake anauona ukurasa wenye jina lake na siku yake ya maji. Kazi iliyokuwa ikitaka wataalamu wa mjini miezi sita, Nanzia aliichora kwa siku nne, mtoto mgongoni.

Siku ya tano akachora kisanduku cha mwisho, Marehemu, akakivutia uzi kutoka Watu.

Maana pale Ikombwe mtu akifa, maji yake hayakatwi. Siku arobaini fungu lake linapitishwa mbele ya mlango wa nyumba yake, alfajiri mpaka jua kuzama. Hakuna anayechota. Hata kuku wanafukuzwa. Wanasema aliyekufa anaondoka na kiu na njia yake ni ndefu. Na ndiva haiwezi kutoa fungu hilo kwa wawili kwa pamoja, mmoja amalize ndipo aingie mwingine.

Nanzia akayachora yote. Jina. Nyumba. Tarehe ya kufa. Maji yaanze tarehe hiyo hiyo. Siku arobaini. Wawili wasigongane. Halafu, kwa mkono ule ule wa daftari, akaweka nyota nyekundu kwenye kila nafasi. Nyota maana yake ni lazima: hapa pasibaki patupu.

Ubao ukatulia kidogo, ukaandika: *Watu 412 hawana tarehe. Nijaze?*

Mtoto alikuwa analia. Nanzia akadhani zinatajwa tarehe za kuzaliwa, ambazo wazee wengi hawazijui. Akabonyeza Ndiyo.

*

Wa kwanza kufa alikuwa Mzee Kiangi, mkesha wa Krismasi, na hakuna aliyeshangaa, miaka yake ilikuwa tisini na kitu. Maji yakapita mlangoni kwake siku hiyo hiyo, kabla hata mtu hajaenda kumwandikisha. Watu walisema, angalieni Ubao ulivyo mwepesi! Nanzia akasifiwa.

Siku ya arobaini ikaisha. Alfajiri iliyofuata, tarehe pili Februari, lango la mtaa wa kanisani likafunguka na maji yakashuka taratibu mpaka mlangoni kwa fundi Kajiru, seremala. Jua lilipopanda, fundi mwenyewe alikuwa uwanjani akiranda mlango wa watu. Nanzia akipita njiani akamsikia anaita.

"Katibu! Njoo uone. Haya maji ya nani?"

Nanzia akasimama. Maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji wa mlangoni, membamba, meupe, hayana haraka.

"Umeniua lini na mimi nina kazi za watu?" fundi akacheka. "Hata matanga sijaalikwa!"

"Shindwa, fundi. Ubao umekosea. Nakwenda kufunga."

"Usifunge kwanza, nisikie kama mke wangu analia."

"Nasonga ugali!" mkewe akajibu kutoka jikoni. "Nikimaliza nitalia, ukae hapo hapo!"

Wakacheka wote, na Nanzia alicheka nao. Lakini kuku wa fundi, nawaambia alivyoniambia, hawakusogelea yale maji, wala hakuna aliyewafukuza.

Akapanda ofisini. Akagusa lango la mtaa wa kanisani, akaamuru lifungwe. Ubao ukaandika: *Zamu hii ina mwenyewe.* Akagusa tena, jibu ni lile lile. Akaenda ndivani kwa miguu akalisukuma lango kwa bega, lakini malango yale yalikuja bila mpini, na chuma hakikutikisika. Aliporudi mtaa wa kanisani ilikuwa alasiri.

Fundi Kajiru alikuwa amekaa kwenye benchi lake, ameuegemea mlango aliokuwa akiuranda, randa mapajani, maranda yamemfika vifundoni. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake na sahani ya ugali, anamwita kwa jina lake la utotoni. Maji yalikuwa yanapita.

*

Jioni ile ile Nanzia alifungua jedwali lote la Watu, akalivuta kwa kidole kwenda kulia, mpaka safu ambayo hajawahi kuitazama. Tarehe ya kufa. Ilikuwa imejaa juu mpaka chini.

Kiangi, tarehe ishirini na nne Desemba. Kajiru, tarehe pili Februari. Chini yake jina lingine, siku arobaini mbele. Chini yake jingine, siku arobaini tena. Hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, watoto na wazee, bila kuruka mtu, kwa miaka arobaini na mitano.

Jina la tatu lilikuwa Eliwaza. Tarehe kumi na nne Machi.

Eliwaza ni wifi yake, dada wa mume wake. Wanaishi uwanja mmoja, wanachangia jiko moja, na tangu Elinaja aende kuendesha magari huko kusini, wanachangia hata kitanda wakati wa baridi. Eliwaza ndiye aliyemkata kitovu yule mtoto wa mgongoni, Sifaeli.

Nanzia akapiga simu wilayani, kwa Bi Thureya, mama wa makamo anayesimamia Mbao zote za tarafa. Akamweleza yote. Bi Thureya akaifungua ile michoro kutoka kwake, akaipitia kisanduku kwa kisanduku.

"Dada," akasema mwishowe, "Ubao haujui kufa. Ubao unajua zamu. Uliuambia kila mtu lazima awe na tarehe. Uliuambia wawili wasigongane. Ukauambia ujaze. Basi ukawapanga foleni, kama ulivyowapanga kwenye maji. Hiyo si ramli. Ni ratiba tu."

"Kama ni ratiba tu, mbona wanakufa?"

Kiti kikaburutwa huko wilayani.

"Bi Thureya?"

"Nipo. Huyo wa kwanza alikuwa mzee."

"Na fundi?"

"Fundi... watu wanakufa, dada. Moyo unasimama."

"Basi toa hiyo nyota. Futa hiyo safu."

Nanzia akasikia kucha zikigonga kioo upande wa pili. Kisha Bi Thureya akasoma, na sauti yake ilikuwa imepungua: "Ubao unasema zamu mia nne na kumi zinategemea nafasi hiyo. Ikitolewa, malango yote yanafungwa, na hayafunguki mpaka msimu mwingine. Mahindi yenu yamefikia wapi?"

"Yanatoa mbelewele."

"Basi ukifuta sasa, hamvuni hata gunzi."

Hakuaga. Aliikata simu, na siku zilizofuata Nanzia alipompigia iliita bila kupokelewa.

*

Siku thelathini na mbili Nanzia alikaa na tarehe ile kifuani. Alimwangalia wifi yake akila, akilala, akicheka na wauza vitunguu. Kila Eliwaza akikohoa, Nanzia anaacha kazi. "Wifi, una nini wewe?" Eliwaza akamwuliza. "Unanitazama kama unataka kunioa."

Siku ya thelathini na tatu akapanda ofisini, akafunga mlango kwa ndani. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo kila mkulima wa Ikombwe analijua: zamu zinabadilishwa. Ukiwa na mgonjwa siku yako ya maji, unampa jirani, unachukua yake. Kitufe chake alikichora mwenyewe.

Akagusa jina la Eliwaza, akalivuta mpaka mwisho kabisa wa safu, miaka arobaini na mitano mbele. Jina likaenda bila ubishi. Pale lilipotoka pakabaki pengo, na ndani ya pengo nyota nyekundu inawaka na kuzima.

*Nani achukue nafasi hii?*

Chini yake Ubao ukapendekeza jina, kama unavyopendekeza siku zote, ili kumrahisishia mtu kazi. *Nakijwa. Umri 81. Nyumba ile ile. Mfereji hautabadilika.*

Nakijwa ni mama mkwe wake. Ni mama mzazi wa Eliwaza.

Nanzia aliniambia alisimama pale mpaka kivuli cha dirisha kikahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Alijisemea, ni mzee, ameshakula chumvi. Alijisemea, mama yeyote angekubali. Alijisemea pia, basi kwa nini sijamwuliza? Na vidole vyangu, bibi, aliniambia, vilikuwa vinasikia baridi kama vimetoka ndivani.

Akabonyeza Ndiyo.

*

Aliporudi nyumbani alimkuta mama mkwe ameketi jikoni anachochea moto.

"Umechelewa, mama Sifaeli. Nimekuwekea makande, na juu yake nimekutilia samli, maana naona umekonda."

Nanzia akapokea bakuli. Akatia kijiko, akakitoa. Akatia tena. Kisha akaliweka bakuli chini, akapiga magoti pale pale majivuni, na akasema yote: nyota, safu, fundi, Eliwaza, pengo. Alipofika kwenye jina aliloliingiza, hakuweza kulitaja, ila mama mkwe alikuwa amekwisha kuelewa.

"Umenipanga mimi."

"Nimekupanga, mama."

"Tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

Bibi Nakijwa akatafakari, kijinga cha moto mkononi. "Kumi na nne ni siku ya gulio. Nilitaka kwenda kununua ungo."

Hapo mlangoni palikuwa na mtu. Eliwaza, ndoo kichwani, amesikia tangu mwanzo. Akaishusha ndoo polepole.

"Kwa hiyo nyie wawili mmekaa mnagawana roho yangu kama mnagawana boga?"

"Wifi, nilikuwa nataka..."

"Ulitaka nini? Niamke tarehe kumi na tano nimpikie mama uji wa matanga, nikushukuru? Haya, asante wifi! Umenipa miaka arobaini na mitano ya kukutazama usoni!"

"Eliwaza, usimpigie kelele," mama akasema. "Kaniweka mahali ambapo ningejiweka."

"Wewe nawe! Nani kakuuliza?"

"Hapo ndipo kosa lake lilipo. Hakuniuliza. Kunipanga si kosa."

Wakakaa watatu, moto unapungua, hakuna anayeongeza kuni. Eliwaza ndiye aliyeanza kulia, halafu akajifuta kwa hasira. "Nirudishe pale," akamwambia Nanzia. "Kesho. Nirudishe kwenye siku yangu."

"Sirudishi."

"Basi futa lote, mahindi yafe."

"Na watoto wa Ikombwe wale nini?"

Bibi Nakijwa alikuwa hasikilizi. Alikuwa anatazama nje, upande wa mgombani. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei: "Hicho kitu kinataka mtu aliye hai, au kinataka jina tu?"

Wakamgeukia.

"Maana ninaye mmoja ambaye hakupewa maji," akasema. "Alitangulia kabla yako, Eliwaza. Alikaa siku moja. Kitovu hakijaanguka, jina hajapewa, na asiye na jina hapitishiwi maji. Baba yenu alimzika kule mgombani, mimi bado niko kitandani. Mwaka wa hamsini na sita huu."

"Mama," Eliwaza akasema. "Hukuwahi kuniambia nilikuwa na ndugu."

"Ningekuambia nilikuwa na nani?"

*

Asubuhi wakapanda wote watatu. Bibi Nakijwa hakuwahi kuingia ofisini tangu Ubao uletwe. Akausogelea, akautazama kama anavyotazamwa ng'ombe wa mtu mwingine, akasema, "Kumbe ni mweupe tu."

Nanzia akaona kosa lake la pili, ambalo siku zote lilikuwa pale mbele ya macho. Alikuwa amefunga uzi wa maji kwenye tarehe ya kufa moja kwa moja. Lakini mila haisemi hivyo. Mtu akifia mbali na habari ikachelewa, maji yake yanaanza siku anapokumbukwa nyumbani. Yana jina kabisa, maji yaliyochelewa. Hakuyachorea kisanduku.

Akaukata ule uzi. Ubao ukatetemeka rangi, ukawa wa kijivu. Akachora kisanduku kipya, akaandika Maji Yaliyochelewa, akakivutia uzi mmoja kutoka Marehemu na mwingine mpaka Zamu. Kisha akalitoa jina la mama mkwe kwenye pengo, akalirudisha lilikokuwa. Nyota ikaanza kuwaka na kuzima.

*Jina?*

"Ubao unauliza jina, mama."

Bibi Nakijwa akashika ukingo wa meza.

"Nafasi haiwezi kubaki bila?"

"Haiwezi."

"Nakiete," akasema.

Eliwaza akamtazama. "Umelipata sasa hivi?"

"Nilikuwa nalo. Kila nikipita mgombani namwita kimoyomoyo. Sijawahi kulitoa mdomoni." Akalisema tena, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu. "Nakiete."

Nanzia akaliandika. Tarehe ya kuzaliwa, akatajiwa na mama mkwe. Tarehe ya kufa, siku moja mbele yake. Maji yaanze: tarehe kumi na nne Machi.

Ubao ukakaa. Ukakaa mpaka Eliwaza akaanza kutembea huku na huku. Kisha safu yote ikasogea, majina mia nne na kumi, kila moja likishuka hatua moja, na sauti ikatoka ukutani ambayo Ubao haukuwahi kuitoa, kama watu wengi wanapokaa chini kwa pamoja. La Eliwaza, lililovutwa mpaka mwisho, lilikuwa limerudi juu lenyewe. Sasa lilikuwa chini ya Nakiete. Tarehe ishirini na tatu Aprili.

*Watu 413,* Ubao ukaandika.

*

Tarehe kumi na nne, alfajiri, lango likafunguka. Hawakuwa wamelala siku mbili, wote watatu. Walikaa kizingitini wakayasikia maji kabla ya kuyaona. Yakafika mlangoni, membamba, meupe, hayana haraka. Ni fungu la nyumba yao wenyewe, na maharage yao kule bondeni yalikuwa yamekwisha kujikunja. Hakuna aliyechota.

Eliwaza alikaa siku nzima mkeka mmoja na wifi yake, mkono kwa mkono. Wapita njia wa gulio waliona maji, wakamwona na yeye, wakavuka upande wa pili wa njia. Mmoja tu alisimama, mama Eliaichi, jirani wa chini.

"Ni ya nani?" akauliza bila kusalimu.

"Ya dada yangu," Eliwaza akajibu.

"Una dada wewe?"

"Ninaye. Anaitwa Nakiete."

Mama Eliaichi akayatazama maji. "Mume wangu alifia machimboni," akasema taratibu. "Mwili haukupatikana. Nasi hatukumpa maji." Akatazama mlango wa nyumba, akatazama njia ya ofisini, akakaza kanga yake, akaishika njia hiyo haraka. Mzigo wake wa gulio, uliofunikwa kanga nyingine, aliusahau pale chini.

Alasiri maji yakafanya jambo. Mbele ya mlango mfereji unanyooka kwenda bondeni, umenyooka hivyo tangu uchimbwe. Maji yakafika pale, yakaacha mfereji. Yakakata uwanja, yakapanda kidogo, ndiyo, yakapanda, yakaingia mgombani, na huko yakazama ardhini bila kufanya tope. Bibi Nakijwa alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyemwona mtoto ameshika kikombe vizuri.

Jua likazama. Siku ikaisha. Lango likajifunga kule juu, na Eliwaza alikuwa anapumua. Akajilaza pale mkekani bila kusema neno, na baada ya kitambo akawa anakoroma, mdomo wazi, mtoto wa Nanzia amemkumbatia shingo.

"Tuna siku arobaini," Nanzia akasema.

"Leta kalamu," mama mkwe akasema. "Andika. Kaka yangu Mrindoko, alifia vitani. Hakupewa. Shangazi Namsi, alizama mtoni, walisema kajitakia, hakupewa. Pacha wa Mrindoko, huyo naye hakuwa na jina, nitalitafuta."

Nanzia akaandika kwa mwanga uliobaki, kila jina mstari wake. Bibi Nakijwa akaendelea, mmoja baada ya mwingine, sauti inapungua, majina ambayo hakuna aliyeyataja katika nyumba ile tangu Nanzia aolewe. Yakafika kumi na moja. La kumi na mbili lilikatika katikati. Nanzia akanyanyua kichwa upesi, akaweka kiganja mbele ya pua ya mama mkwe, akangoja. Pumzi ikaja, ya moto, ikarudi, ikaja.

Kumi na moja mara arobaini, mbele ya jina la Eliwaza. Mwaka mmoja na siku sabini na tano. Akapiga hesabu hiyo mara mbili ili asikosee, akavuta kanga ya mama Eliaichi iliyokuwa juu ya ule mzigo, akawafunika wote watatu, akajibana pembeni yao, na usingizi ukamchukua.